Maelezo Kuhusu Mpimaji wa Kelele na Swichi Kubwa ya Karakana

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni tarehe 16, saa tano asubuhi.

Jina: Lipo kwenye kitambulisho alichonacho afande. Kazini na mtaani naitwa Redio.
Umri: Miaka hamsini na miwili, ingawa sionekani.
Kazi: Fundi mkunja bati.
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya karakana ninayofanyia kazi.
Elimu: Darasa la sita. Mengine nimeyasoma safarini.

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Nimefanya kazi nchi nne na nimelala mahabusu za nchi mbili, zote kwa makosa ya watu wengine, kwa hiyo najua serikali haina utani.

Karakana yetu inatengeneza milango ya chuma na matangi ya maji. Mwenye karakana ndiye mlalamikaji. Ni shemeji yangu, nimemwoa dada yake. Mtuhumiwa, yule dada mwingine anayeshikiliwa hapa, namfahamu. Kazi yake ni kupima kelele. Alifika kwetu wiki iliyopita kwa ruhusa ya mlalamikaji mwenyewe. Anatengeneza ramani ya kelele ya eneo la viwanda na mitaa inayolizunguka: penye utulivu anapaka kijani, penye kelele anapaka nyekundu. Nilimwomba anionyeshe meza yangu ilipo. Ilikuwa nyekundu mpaka inataka kuwa nyeusi. Nikawaambia wenzangu, "Mnaona? Hata kwenye ramani mimi ndiye ninayewaka." Wakacheka wote isipokuwa yeye. Aliniuliza, "Baba, nyumbani mkeo akikuita kutoka jikoni, unamsikia?" Niliokota nyundo yangu nikarudi kwenye bati.

Alitugawia vizibo vya masikio. Vyangu nilivitia mfukoni, nikamwambia masikio yangu yameshazoea meli, bandari na mama mkwe. Afande, hilo la mama mkwe ulifute, ndiye mama wa mlalamikaji.
(Shahidi ameelezwa kuwa kilichosemwa hakifutwi.)
Sawa. Tuendelee.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, nilikuwa mlangoni mwa karakana pamoja na mpimaji na msimamizi wetu, ambaye tunamwita Kipara. Mpimaji alimwambia Kipara kwamba siku hiyo anataka kupima kelele za barabara peke yake, mashine zote zikiwa zimezimwa, ili karakana isije ikabebeshwa kelele za malori. Yaani alikuwa anatutetea. Kipara akamjibu kwa maneno haya, nami nasikia: "Muda wa chai ukifika, wewe shusha tu swichi kubwa. Sisi tutakuwa na vikombe mkononi." Kipara alisahau kwamba tanuri la kukaushia rangi linatumia swichi hiyo hiyo. Hata mimi nilisahau, na mimi huwa sisahau kitu. Mpimaji angejuaje?

Saa tatu na nusu niliingia stoo ya nyuma kuchukua bati. Mabati yamesimamishwa yakiegemea ukuta. Mtu mwingine angeondoa ya mbele kwanza, lakini mimi huchomoa la katikati kwa mkono mmoja, na watu huja kutazama. Siku hiyo hapakuwa na mtazamaji. Nilivuta, rundo zima likateleza, likanilaza chini na kunibana mguu wa kushoto chini ya goti. Ukingo wa bati ulinikata. Damu niliiona ikitoka, ikaenda kwenye sakafu bila haraka, kama mtu anayejua njia.

Nikapiga kelele. Afande, mimi ndiye ninayesherehesha harusi za mtaa mzima bila kipaza sauti. Nilimwita Kipara. Nilimwita shemeji. Nilimwita mpaka fundi wa kuchomelea ambaye tulikuwa hatusemeshani. Hakuna aliyekuja. Kwetu mashine zikiwaka hatuitani kwa mdomo, tunaitana kwa mikono: ngumi maana yake simama, vidole viwili maana yake lete koleo. Usipoonekana, huna namna ya kuita. Sauti iliponikauka nikachomoa koleo mfukoni nikawa nagonga bati. Hapo nilicheka kidogo, nasema kweli, kwa sababu karakana nzima kazi yake ni kugonga bati. Nani angeshtuka kusikia bati linagongwa?

Kisha nikaacha kucheka. Mguu ulikuwa wa baridi na mkono ulikuwa unachoka.

Saa nne mafundi walitoka kwenda kunywa chai uani. Mashine zao zilinyamaza, lakini kompresa, mafeni na tanuri viliendelea kunguruma. Mara vyote vikazimika kwa pamoja. Nilikuwa sijawahi kusikia karakana ile ikiwa kimya saa za kazi tangu nianze kazi pale. Kuanzia hapo nilisikia maneno yote kupitia ukuta wa bati, kwa sababu mafundi wetu hawajui kunong'ona, na mpimaji alishajifunza kuwapigia kelele.

Nilimsikia akisema, "Nani anagonga?"

Kipara akasema, "Hakuna anayegonga, dada. Umezima kila kitu."

"Namba zinaruka. Hazitakiwi kuruka."

"Zikiruka ziache, zitachoka zitashuka. Mimi sisikii chochote."

Kipara hakudanganya. Masikio yake yamekwisha kazi. Hata fundi wa kuchomelea alisema hasikii kitu. Mpimaji akauliza kama wote wapo. Mmoja akajibu, "Redio hayupo, atakuwa nje anawapigia watu soga." Ningekuwa na nguvu ningemtukana. Nikagonga tena.

Hapo ndipo nilipomsikia shemeji akiingia. Alisema, "Nani amezima? Milango ya watu iko tanurini! Washa!"

Mpimaji akasema, "Bosi, nipe dakika moja. Kuna mtu anagonga."

"Nimesema washa!"

"Siwashi, bosi. Na hapa siondoki."

Kuhusu kilichotokea hapo mbele ya swichi, sikukiona kwa macho yangu. Kipara alinieleza baadaye kwamba mpimaji aliegemeza mgongo wake kwenye sanduku la swichi, akapanua mikono, na shemeji akamsimamia usoni akifoka. Hakumgusa. Mpimaji alijua akiondoka hapo umeme utawashwa, kwa hiyo alimpa Kipara kipimo akamwambia, "Shika hiki, tembea nacho. Namba zikipanda, endelea. Zikishuka, rudi."

Hilo la kipimo nililiona mwenyewe mwishoni. Mlango wa stoo ulifunguliwa, Kipara akaingia ameshika kile kidude kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto, macho kwenye namba, hatazami mbele. Alinikanyaga. Nikamwambia, "Umefika, mheshimiwa." Alikaa chini akaanza kulia.

Mabati yaliondolewa na watu wote, shemeji akiwa wa kwanza. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, na mimi si mwepesi. Siwezi kumnyima haki yake. Daktari aliyenishona alisema mshipa ulikatwa, na kwamba ningekaa pale hadi muda wa chakula cha mchana, mke wangu angekuwa anapokea rambirambi.

Tarehe 15 alasiri mpimaji alikuja nyumbani kuniona. Alikuwa ameketi na kikombe mkononi askari walipokuja kumchukua. Mteja alikuwa ameikataa ile milango kwa sababu rangi ilikuwa imetoka madoa, na shemeji alikuwa ameshafika hapa kulalamika kwamba huyu dada alizima umeme makusudi na kumharibia mali. Mke wangu aliwatazama wakiondoka na mgeni wake. Kisha akaniambia, "Kesho utakwenda kituoni, hata kwa kubebwa. Usipokwenda wewe nitakwenda mimi, na kaka yangu ananijua."

Swichi aliishusha kweli, na alipoambiwa awashe alikataa kweli. Sitasema uongo ili kumsaidia. Lakini aliishusha kwa kuambiwa na msimamizi, na alikataa kwa ajili yangu, akiwa hajui ni nani anayegonga. Simlaumu Kipara kwa kutomwambia shemeji kwamba ruhusa aliitoa yeye, ana watoto na kazi hazipatikani. Najua nikitoka hapa huenda nami sina kazi. Milango ile nitaikwangua na kuipaka upya kwa mikono yangu mguu ukipona, na itakuwa mizuri kuliko ya kwanza.

Nimeshukuru watu wengi maishani, na huwa nashukuru kwa mbwembwe. Huyu nimekosa maneno ya kumshukuru. Jana usiku nilimsikia mjukuu wangu akikoroma chumba cha pili. Nilikuwa hai nikamsikia. Basi.

Niliyonayo yameishia hapa. Nimeyasema kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu.

Sahihi ya shahidi: (ameweka sahihi)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa ili asikie, akayakubali. Mtuhumiwa ameachiwa kwa dhamana saa saba mchana wakati uchunguzi ukiendelea. Msimamizi wa karakana ameitwa kuja kuandika maelezo. Mdhamini wa kwanza: shahidi huyu. Mdhamini wa pili: mke wa shahidi, dada wa mlalamikaji, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa ameshaweka sahihi kabla sijamweleza masharti.