Jiko la Maranda Lililonifunza Nyota

Wambui wangu, hujambo huko mbali? Huku Gitothua tu wazima, na mama yako Njeri amepona kikohozi.

Ati unauliza kwa nini galaksi zingine zimeacha kuzaa nyota? Ngai! Mimi nilijibiwa swali hilo nilipokuwa nikiishi Wendani, miaka ya tisini. Nilishindilia maranda kwenye jiko, nikaacha tundu katikati kama kawaida, kisha kwa haraka nikamimina mafuta ya taa mengi. Moto ukalipuka puu! Maranda yakarushwa nje, githeri yangu ya mahindi na maharagwe ikabaki mbichi. Jirani yangu Atieno, mwanafunzi wa fizikia, akaja kuona, akasema, "Mama Njeri, hata galaksi hufanya hivi: katikati yake kuna shimo jeusi. Likilishwa gesi kupita kiasi, ile inayolizunguka huwaka kama moto na kufukuza gesi ya kuzaa nyota."

Nikacheka, mwiko mkononi. Kitu kikubwa hivyo, na kinakosea kama mimi! Mpaka leo nikishika kibiriti, naangalia juu angani kwanza.

Ni mimi cucu wako, nyanya anayekupenda.