Yule Aliyerudi Si Fundi Saa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la barabara mnayoijenga limeanza kukuhurumia kifua. Sisi hatujambo. Mama ametoka zamu asubuhi hii kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, amelala kitini na sare yake, kiatu kimoja mguuni. Sitaki kumwamsha, ndiyo maana naandikia jikoni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema wenzako kambini hawagusi chakula mpaka uwasomee sehemu ya wiki ya tamthilia ya Fundi Saa ninayokuandikia, na kwamba dereva wa katapila alifuta machozi pale mke wa Fundi aliporudi na sanduku lake la kijani. Nilicheka. Kisha nikafika pale uliposema msimamizi amenunua televisheni ya bwaloni, na Jumapili hii mtatazama wote. Kicheko kikaniishia.

Unakumbuka tulivyotazama zamani, watatu kwenye kochi moja, mimi katikati? Fundi Saa hakuwa na haraka. Mtu alileta saa iliyosimama, akaanza kueleza habari za saa, akamaliza akieleza habari za nyumbani kwake. Mkewe asiyesikia aliweka kiganja juu ya saa ili ajue kama inatembea. Nawe ulikuwa ukiweka kiganja kichwani kwangu, ukisema hii bado inatembea.

Tamthilia ilikwisha, na mwezi uleule ukaenda kazini mbali. Basi walipotangaza kwamba inarudi, baada ya miaka minne, niliifuta televisheni yetu mpaka ikang'aa. Jirani mshona nguo alikuja na kigoda chake kabisa.

Baba, Fundi Saa alishuka kwenye gari jekundu, akizungumza na simu mbili kwa pamoja. Duka lake limekuwa baa. Mkewe hayumo, wala hakuna aliyemtaja. Jirani aliuliza yule mama amekwenda wapi, na Mama akamjibu kwamba amekwenda kumtafuta mtunzi amzabe kibao. Wiki ya pili Mama alisema huyu si Fundi Saa, huyu ni dalali wa viwanja aliyeazima miwani. Wiki ya tatu jirani aliondoka na kigoda chake, hakukirudisha tena. Sasa Mama husinzia kabla wimbo wa mwanzo haujaisha. Natazama peke yangu, na ninachoka, Baba, kama mtu anayeenda kufungua mlango kila hodi inapopigwa, na kila mara si yule anayemngoja.

Uliponipa jina la Karani uliniagiza nikuandikie kila sehemu kama nilivyoiona. Ile ya kwanza nilianza hivyo. Nilipofika kwenye gari jekundu, nikakuona umekaa kwenye kitanda cha kambi ukisoma hayo, nikaichana karatasi. Sehemu zote sita nilizokutumia nimezitunga mimi. Mke kurudi, sanduku la kijani, saa ya mwalimu mstaafu iliyofichwa barua ndani: hakuna hata moja lililoonyeshwa. Mwalimu wetu wa lugha hutufundisha kwamba muhtasari hauongezi kitu. Mimi niliongeza tamthilia nzima.

Nisamehe. Waombe radhi wenzako, hasa dereva wa katapila. Waambie ni kosa langu, wewe hukujua. Nilidhani Fundi akirudi vilevile alivyokuwa, na wewe utakuwa karibu kurudi. Alipokuja mwingine, niliogopa.

Sehemu ya saba nimekwisha kuiandika. Imo humu ndani ya bahasha, nimeikunja peke yake. Jumapili tazameni kwanza ile ya kwao ya televisheni. Mkiizima kabla haijaisha, wasomee hii.

Mama ameamka, anatafuta kiatu cha pili. Anakusalimu, na anasisitiza ufunge kitambaa puani ukiwa kazini. Jirani anakusalimu pia. Anasema kigoda kipo, ukija atakileta.

Ni mimi mwanao akupendaye,
aliyekuwa Karani wako.