Muzee Hakulishwa Sumu

Jumanne, 1 Agosti 1995
Nimefua shuka tena. Jasho la Muzee, mume wangu. Amevuta sigara kabla ya chai, chai yenyewe hakumaliza. Mgongo, mgongo, kila siku mgongo. Nikamwambia mwanaume mzima analia kama bibi-arusi. Kisha nikaangalia macho yake mu jua. Manjano kama sabuni ya kipande.

Ijumaa, 4 Agosti
Mkojo rangi ya soda ya Koka. Anajikuna mpaka damu. Suruali amefunga na kamba.

Bantu hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, banasema ni karuho, ile sumu ya kutiwa mu kinywaji. Banamutaja Mama Nyota, jirani muuza togwa, juu Muzee anakunywaka kwake kila siku. Kwetu mwenye kutoa kinywaji anaonja kwanza, mgeni aone. Mama Nyota, na haraka yake ya biashara, aliacha kuonja. Mi pia nimemukatia salamu. Nani asingewaza?

Alhamisi, 10 Agosti
Lilongwe, hospitali. Dokta ni Mtanzania, Kiswahili yake nyoofu kama mahubiri. Bamemupaka Muzee mafuta ya baridi ku tumbo, bakatembeza mashine. Kuna uvimbe. Kanseri ya kongosho.

Kongosho! Nimechinja mbuzi maisha yangu yote, sikujua kama mi niko na kongosho. Dokta akachora: kinyama kirefu nyuma ya tumbo, kinasaidia kusaga chakula. Uvimbe umeziba njia ya nyongo, nyongo imerudi mu damu. Njo sababu ya manjano. Njo kujikuna.

Nikauliza sumu. Akasema hapana bibi, Mzee anavuta? Nikajibu: tangu kijana. Akasema moshi haubaki mu mapafu tu, unaingia mu damu, na damu inaupeleka mpaka huko. Si kila mvutaji anapata ugonjwa huu, na wengine banapata bila kuvuta. Lakini mwenye kuvuta anajiongezea hatari.

Kupasua hapana. Umefika ku ini. Bametupa dawa ya maumivu.

Muzee akasema zikomo, asante ya hapa Malawi, kwa kila mtu, hata mwenye kufagia. Mi nilibakasirikia bote.

Jumamosi, 12 Agosti
Bamemurushia Mama Nyota mawe. Banataka ahame kesho. Nikabaelezea kongosho mpaka koo ikakauka. Bakanicheka: “Koko, bibi wee, dokta ya hapa atajulia wapi karuho?” Wajinga. Juzi nilikuwa nao, najua. Lakini mi nikifundishwa, nafundishika.

Jumapili, 13 Agosti
Baada ya ibada, bantu bakaenda moja kwa moja kwa Mama Nyota. Muzee akaamka ku mkeka. Nikamuzuia, akanisukuma. Na mifupa ile!

Akafika mu katikati yao, akaomba togwa. Mama Nyota akatoka, akapeleka kikombe ku midomo yake aonje. Muzee akamunyang’anya.

“We mama, mi ni mgeni hapa?”

Akakunywa yote. Yeye ambaye hata maji yanamushinda. Akapangusa midomo, akatoa pakiti ya sigara mu mfuko, akaitupa chini.

“Hii njo nilikuwa nakula kila siku. Mutupie hii mawe.”

Mmoja akacheka. Mwingine akaachilia jiwe lake chini. Bakaondoka mmoja mmoja, kama bantu walioitwa na chakula nyumbani.

Namusema vibaya toka nilipoolewa. Leo nikamushika mkono, tukarudi.

Nyumbani akafunga mlango, akatapika yote mu beseni. Nikamushika kichwa, nikaanza kulia. Akanikaripia: “Nyamaza. Batasikia, batasema ni ile togwa.”

Nikanyamaza. Mi, mtu wa kunyamazishwa! Beseni nililimwaga mwenyewe, nikiwa nimelifunika na kitambaa. Huyu njo mume wangu. Asipatikane mtu wa kumulinganisha na wake.

Jumatano, 23 Agosti
Sufuria ya Mama Nyota imeisha kabla ya saa sita. Balionunua ni bale bale ba kurusha mawe. Haonji. Hawamwambii aonje.

Muzee hanywi kitu tena, ni kulowesha midomo tu. Nimemugeuza alale upande wa njia. Anapenda kusikia vikombe vya kwa Mama Nyota. Nimekaa hapa naye. Mlango nimeuacha wazi.