Sauti Iliyomwambia Mama Azuie Pumzi

Dada Yusta, shikamoo. Tumefika Sumbawanga salama, na baridi ya huku juu imemvisha mama kanga tatu. Leo wamempiga picha za CT scan kuona kama saratani imetoka nje ya mfuko wa uzazi. Niliruhusiwa kusimama na mtaalamu wa mashine nyuma ya kioo, mama amelala peke yake kule ndani.

Mtaalamu anaongea kwa spika: "Mama, vuta pumzi, zuia." Mama akajibu, "Haya, baba," pumzi yote ikatoka. Wakarudia, akaitikia tena. Yule mtaalamu, kijana tu, akaingia kumwelewesha. "Mama, nikikusemesha usiitike."

"Unanisemesha nikae kimya, kwani tumegombana?"

"Tukimaliza tutaongea mpaka uchoke."

Mara ya tatu mama akabana pumzi, mashavu yamejaa kama ana ugali wa moto mdomoni.

Mchana daktari akatuita. Nilimwomba arudie maneno yake, nikayaandika nisije nikakosea: "Ugonjwa bado uko ndani ya mfuko wa uzazi. Kwenye picha sijauona kwingine. Tunaweza kuutoa mfuko." Upasuaji ni Mbeya, wiki ijayo. Bado naogopa, dada, ila leo furaha imenizidi. Mimi karani mzima, leo mwandiko wangu ni kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Ukimsomea baba kadi hii, anzia kwenye maneno ya daktari. Hayo mengine atayasikia akishatulia.

Tunakukumbuka mno. Mama anasema usiache kula.

Mdogo wako,
Edina