Spika za Ojok

Resty, nimekimbilia jikoni nikuandikie.

Unajua zile spika za tivi mume wangu Ojok alinunua sokoni Bwera? Wiki nzima Ojok anagomba, ati sauti iko chini, wamemuuzia feki.

Leo nimeita fundi Ronnie. Akakuta sauti ya tivi yenyewe imeshushwa, akapandisha. Resty, vikombe vilicheza kabatini! Jirani akagonga ukuta!

Ojok amekaa tu, mkono nyuma ya sikio: "Ronnie, ongeza. Bado iko chini."

Bado iko chini!

Ronnie akazima tivi. "Mama, spika ni nzima. Mzee amefanya kazi ya mashine ya kusaga mawe miaka mingapi?"

Kumi na moja, nikamwambia.

Tulisema hayo yote nyuma ya kiti chake, na Ojok hakugeuka.