Damu ya Bwana Harusi

Jumatatu, 8 Juni 1981. Moroni
Wagonjwa wengi, sindano chache. Mchana kaja Moinaecha, mwalimu, binti wa mji wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani. Jibu lake limetoka: haugui selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ila ameibeba. Ndiyo iliyomuua mdogo wake. Anaolewa na Bakari kabla ya Ramadhani. Bakari naye akiwa ameibeba, watoto wao wanaweza kuugua. Lazima apimwe. Nimempigia simu baba yake binti, nikamwambia.

Jumatano, 17 Juni
Kimya. Moinaecha haji tena kliniki. Leo nimemkuta sokoni Volo Volo akichagua vitambaa, macho chini. Simu yangu imeleta balaa. Kwa kina Bakari wamesikia damu ya kijana wao inatiliwa shaka. Harusi inayumba. Baba yake Moinaecha kanyamaza, mjomba wake kanuna. Kwao neno la ndoa hupelekwa kwanza kwa mjomba, kaka wa mama. Mimi na Uzanzibari wangu nikaona baba anatosha. Mjinga mimi. Kwa kuwa tunaelekea kibla kimoja, nilidhani tunaishi nyumba moja.

Jumamosi, 20 Juni. Mutsamudu
Uwanja wa ndege, askari wa kukodiwa, Mzungu, kapekua mkoba wangu na kuchezea chupa za vipimo. Nilimchukia na nilimwogopa.

Mjomba aliwahi kufanya biashara Unguja. Kiswahili chake kinanishinda mimi. Nimeomba radhi kwanza, damu baadaye. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, ukimpima kijana peke yake umemvua nguo mbele za watu. Tupime sote."

Akakunja mkono wa kanzu. Wa kwanza yeye. Wakafuata wanaume wa pande zote mbili, Bakari katikati yao, wakitaniana nani ataogopa sindano. Nilitaka kucheka na kulia.

Ijumaa, 26 Juni. Moroni
Bakari hana. Nimerudia kipimo, hana. Alhamdulillahi. Watoto wao hawataugua. Wengine watabeba tu, kama mama yao.

Safari hii nimeanza na mjomba, kwa simu. Kashukuru kwa harusi, kisha kauliza jibu lake mwenyewe. Anayo. Nikamweleza kuwa ni damu aliyozaliwa nayo, na dada yake, mama wa Moinaecha, lazima anayo pia, wala si kosa la mtu. Halafu akasema dada yake miaka yote hii anaamini maziwa yake ndiyo yaliyomuua mtoto.

Hakuniaga. Aliweka simu mezani bila kuikata. Nikasikia kandambili zake zikishuka ngazi, na sauti yake ikimwita dada yake.