Damu Niliyoiosha Kwenye Ngoma

Mtaa wa Kanisa, Na. 9,
Bajo Aragón, Hispania.
Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 1987.

Mpendwa kaka Valero,

Salamu nyingi zikufikie huko Rosario, wewe na wifi yangu Nélida na watoto. Mgongo wako umepoa? Na yule mdogo, ameacha kukohoa? Sisi miili ni mizima. Mlozi wa nyuma ya nyumba umeunguzwa na baridi ya Machi, mwaka huu hatuonji hata lozi moja. Mengine siwezi kukuambia ni mazima, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Unaijua kazi ya Baba kila Kwaresima, kuishusha ngoma juu ya kabati na kuisafisha kwa ajili ya kupigwa uwanjani Ijumaa Kuu. Mwaka huu mikono inamtetemeka, skrubu zinamponyoka. Akanisukumia mimi, akasema niangalie nisimharibie. Na kumbukumbu yake imezidi kufifia tangu nilipokuandikia Krismasi. Asubuhi ananiita kwa jina la Mama, jioni kwa jina langu.

Basi nikafanya kama alivyotufundisha. Nikalegeza skrubu mbili mbili zinazotazamana, robo mzunguko kila mara, duara linaloibana ngozi lisije likapinda. Nikapangusa kutu, nikatia tone la mafuta. Shaba nikaisugua kwa limau na majivu mpaka nikajiona uso. Zile nyuzi za utumbo zilizotandikwa chini, zinazoipa ngoma mkwaruzo wake, nikazipitishia kitambaa kikavu moja moja. Ikabaki ngozi.

Kwenye ngozi, karibu na ukingo wa kulia, palikuwa na damu ya mdogo wetu Lamberto. Wewe ulikuwa umeshahama, hukumwona Ijumaa Kuu yake ya mwisho. Alipiga mpaka vifundo vya vidole vikapasuka, anacheka tu. Wiki tatu baadaye mgodi wa makaa ukamwangukia. Na hapa kwetu damu ya mpigaji haioshwi, hata mtoto analijua hilo. Inabaki mpaka ngozi yenyewe ichanike.

Mimi niliiosha. Kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Shangazi Blasa nimemwambia nilipitiwa, nilidhani ni uchafu. Akanisuta mbele ya watu pale kwa mwoka mikate: "Wewe ulikuwa unasafisha ngoma au unafua nepi?" Lakini wewe sitakudanganya. Nilijua ni nini. Miaka minne naitazama ile damu kila ikishushwa, na kila mwaka Baba anaishika halafu hali chakula siku mbili. Nilichoka, Kaka. Nilitaka Ijumaa Kuu moja tu nisiione. Nikasugua kwa hasira mpaka ngozi ikalegea, ikanibidi niianike kivulini siku tatu ndipo ikakaza tena.

Nilipompa Baba, aliipakata. Kidole gumba kikaenda palepale ukingoni, kikatafuta, kikarudi, kikatafuta tena. Mimi nasubiri kofi. Akainua uso, na ile furaha niliyoiona machoni mwake sijaiona tangu msiba.

"Ni safi," akasema. "Kumbe Lamberto hajapiga bado."

Tangu siku hiyo anamsubiri. Anataka sahani yake iwekwe mezani. Ananiuliza mbona zamu ya mgodini imekuwa ndefu hivi. Mara ya kwanza nilipiga magoti nikamweleza ukweli wote, mpaka jeneza. Alilia kama siku ile walipomleta. Kesho yake akaamka, akaiangalia ngoma, akaniuliza kama kanzu ya Lamberto imepigwa pasi. Sikumwambia tena. Nilikwenda nikaipiga pasi.

Padri anasema uongo ni uongo hata ukisemwa kwa huruma. Shangazi anasema nimwache mzee na furaha yake, maana si ya siku nyingi. Mimi kila nikimwekea marehemu kijiko mezani naona nimemuua mara ya pili.

Ijumaa tulikwenda uwanjani. Baba kavaa kanzu yake ya zambarau, lakini ngoma akakataa kuivaa, akanivika mimi. Unaujua ukimya wa ile dakika kabla ya saa sita mchana, vijiti vyote viko juu. Na mimi nikainua vyangu. Baba akanishika mkono.

"Si yako hiyo. Mshikie tu mdogo wako, anakuja."

Saa sita ikagonga, ngoma zote zikalipuka kwa pamoja, ardhi ikatetemeka. Mimi nimesimama katikati, vijiti vimening'inia. Mtikisiko wa ngoma za wenzangu ukaziamsha zile nyuzi chini ya yangu, zikaanza kuvuma zenyewe, bila mtu kugusa. Baba akainama, akatega sikio kwenye ngozi, akaangalia njia ya mgodini.

"Unasikia? Yuko karibu," akasema.

Kaka, nifanye nini? Jana nilishika sindano nijitoboe kidole, nirudishe doa pale pale. Nikashindwa. Damu yangu si yake, na Baba angeuliza ni ya nani. Najua huwezi kuacha kazi uvuke bahari kwa sababu ya doa, ila niandikie. Nimebeba peke yangu na nimelemewa.

Nibusie Nélida, na Rubén na Alcira waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko. Shangazi Blasa anakusalimu. Baba yuko hapa pembeni yangu, ngoma mapajani, anakusalimu sana. Anasema nisisahau kuandika kwamba na Lamberto anakusalimu.

Nimeandika.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako,
Engracia